Viti vya Kutazama

Mdogo wangu anayeishi Derby amenunua kadi ya uanachama ya National Trust, chama kinachotunza majumba ya kale, na tangu ainunue sina Jumamosi. Kadi ni ya mwaka mzima, imeshalipiwa, kwa hiyo kila jumba ambalo hatujaliona ni hela iliyolala. Hiyo ni hesabu yake yeye, na kwa hesabu hiyo nimeburuzwa mkoa mzima wa Derbyshire nikiwa na viatu nilivyovinunua Kariakoo kwa ajili ya harusi ya watu. Mdogo wangu huyo ni muuguzi, anashinda wima wodini. Ukidhani siku yake ya mapumziko atataka kukaa, humjui.

Wengi wetu tukisikia Uingereza tunafikiria London na mpira. Derbyshire iko katikati ya nchi: vilima, kondoo, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na mvua ambayo wenyeji hawaihesabu kuwa mvua. Katikati ya kondoo hao yamesimama majumba ya watu wa kale waliokuwa na pesa za kutisha. Na mwenyeji wa huku akitaka kustarehe huenda kuangalia nyumba ya mtu. Sisemi kumtembelea mtu, kuangalia nyumba. Analipa mlangoni, anatazama kitanda cha marehemu, anasema kinapendeza, anarudi kwake. Jaribu kwenda kwa mtu Moshi ukapitia chumba baada ya chumba hadi chumbani kwake ukikagua shuka, uone kama hutaulizwa umetumwa na nani.

Kadi yenyewe haifungui milango yote. Hardwick, Kedleston na Calke unaingia nayo. Bolsover ni ya English Heritage, ambao nao wana kadi yao. Haddon Hall na Chatsworth hawaitambui hata moja, huko unatoa pesa taslimu kwa kila kichwa, kichwa changu kikiwemo. Nilipouliza kwa nini wasikae kikao wakawa na kadi moja, mdogo wangu aliniambia, "Kaka, umeshaanza."

Basi nianzie Hardwick Hall, maana kisirani changu ndipo kilipopata sababu. Jumba hilo lilijengwa kati ya mwaka 1590 na 1597 na mama mmoja anayejulikana hadi leo kama Bess wa Hardwick. Aliolewa mara nne, na kila ndoa ikampandisha ngazi. Mume wa nne alikuwa George Talbot, Earl wa Shrewsbury, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi. Huyo naye akafa, na Bess, akiwa na umri wa kuitwa bibi, akamchukua msanifu Robert Smythson wakajenga jumba la minara sita. Juu ya minara akasimamisha herufi za mawe, E na S, yaani Elizabeth Shrewsbury, kubwa kiasi kwamba unazisoma ukiwa bado barabarani. Hakutaka mtu apate kisingizio cha kutojua nyumba ni ya nani.

Enzi hizo kioo kilikuwa anasa. Bess akajaza vioo ukutani hadi watu wakamtungia maneno kwamba vioo vimezidi kuta. Baadhi ya madirisha ni ya uongo, nyuma yake inapita njia ya moshi wa jiko, lakini kwa nje yametiwa vioo kama mengine ili jirani aumie sawasawa. Sasa pita ndani ya hilo jumba la vioo. Giza! Mapazia yameshushwa, unapapasa. Mzee mmoja mstaafu wa kujitolea, mpole kweli, alinieleza kwamba mwanga unaua rangi za mazulia ya ukutani, kwa hiyo inabidi uzuiwe. Yaani mama wa watu amehangaika na vioo miaka saba, na sisi tumekuja kumzimia taa.

Mazulia hayo nayo yana hadithi ambayo ingempendeza mfanyabiashara yeyote wa Kichaga. Yako 13, yanaeleza habari za Gideoni wa kwenye Biblia, na Bess aliyanunua mwaka 1592 kutoka kwa warithi wa Sir Christopher Hatton, aliyekuwa mtu mkubwa wa serikali. Tatizo, Hatton alikuwa ametia nembo ya ukoo wake kwenye kila moja. Bess akasema sawa, nachukua, ila nipunguzieni pauni 5 kwa sababu nembo itabidi niibadilishe. Akapunguziwa. Kisha akaweka viraka vya kitambaa vilivyochorwa nembo yake juu ya ile ya mwenzake, basi. Kuyafanyia ukarabati mazulia hayo katika zama zetu kumechukua miaka 24, kazi imemalizika mwaka 2023, na pauni 5 ya Bess sijui waliiingiza kwenye fungu gani.

Lakini kilichoniuma ni orofa ya juu. Kwenye jumba hili kila orofa ni ndefu kuliko iliyo chini yake, na vyumba vya heshima viko juu kabisa, hivyo unapanda ngazi za mawe ambazo hazina haraka ya kufika. Huko juu kuna ukumbi mkubwa wa kupokelea wageni. Kuzunguka kuta, chini ya dari, kuna msitu mzima wa plasta uliopakwa rangi, na mungu wa kike Diana amekaa humo na watu wake. Juu ya meko imewekwa nembo ya kifalme ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Yote hayo kwa ajili ya siku Malkia atakapokuja. Malkia alifariki mwaka 1603. Hakuja hata mara moja.

Hapo nikamkumbuka marehemu mama na kabati lake la vyombo vya wageni. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, sahani za maua, glasi za shingo ndefu, na sisi watoto tunakunywa uji kwenye vikombe vya bati tukivitazama vyenzake kupitia kioo. Mgeni wa kustahili vile vikombe sikuwahi kumwona. Askofu alikuja, mama akasema hapana, huyu ni wa kawaida.

Tangu siku hiyo nikaanza kuchunguza, na nakuhakikishia msomaji, nusu ya Derbyshire ni kabati la mama. Chatsworth, jumba kubwa kuliko yote mkoani, ni nyumba ya Duke wa Devonshire. (Devonshire iko mbali huko kusini magharibi. Kwa nini Duke wa Devonshire anaishi Derbyshire niliuliza, nikapewa maelezo marefu, nikachagua kunyamaza.) Duke wa kwanza alikuwa miongoni mwa wakubwa saba waliomwandikia barua William wa Orange mwaka 1688 aje kuitwaa nchi. William akaja na meli na jeshi, akawa mfalme pamoja na mkewe Mary. Duke akalijenga upya Chatsworth, na ndani yake akapanga vyumba vya fahari, kimoja kikiingilia kingine, dari zimechorwa miungu inayoelea, kwa ajili ya kuwalaza mfalme na malkia. Kuitwaa nchi nzima waliitikia wito wake. Kitanda hawakukijia.

Ukoo huo haukujifunza. Mwaka 1844 Tsar Nicholas wa Kwanza wa Urusi alikuja Uingereza, na Duke wa sita akategemea atafika Chatsworth. Akamwita Joseph Paxton, mkuu wake wa bustani. Paxton akachimba ziwa juu ya kilima, akashusha mabomba, vibarua wakafanya kazi hadi usiku kwa taa, na katika miezi michache ikapatikana chemchemi inayorusha maji hewani hadi mita 90, bila pampu, kwa uzito wa maji tu kutoka mlimani. Inaitwa Chemchemi ya Mfalme wa Urusi. Huyo mfalme alionana na mwenyeji wake London, wakala, wakaagana, akarudi kwao. Kwa haki niseme kwamba Victoria alifika Chatsworth, mwaka 1832 akiwa binti mdogo na tena 1843 akiwa malkia. Lakini yule aliyefukuliwa mlima hakutokea.

Duke huyohuyo wa sita, akishirikiana na Paxton huyohuyo, alihamisha kijiji. Edensor kilikuwa kinaonekana kutoka kwenye jumba, kinaharibu mandhari, kikafanyiwa bomoabomoa na kujengwa upya pembeni, kila nyumba na mtindo wake, kama vile walichagua kwenye katalogi wakashindwa kuamua. Kule Kedleston, kwa akina Curzon, kijiji nacho kiliondolewa kupisha jumba, likabaki kanisa. Mdogo wangu aliposoma hayo kwenye kijitabu alisema angalau walijengewa nyumba nzuri. Nilimwambia kwetu pia tungeridhika kuhamishwa na mtu mwenye katalogi.

Na sasa tufike kwenye ugomvi wa ndizi. Mwaka 1835, ndani ya banda la vioo la Chatsworth, mgomba wa Paxton ulizaa. Ulikuwa mche wenye asili ya Uchina, uliopita Mauritius ukafika Uingereza, na kwa kuwa jina la ukoo wa Duke ni Cavendish, ndizi ikabatizwa Cavendish. Miche ya aina hiyo ikasafirishwa na wamisionari hadi visiwa vya Pasifiki, na baadaye, ugonjwa wa mnyauko ulipoimaliza Gros Michel, ndizi iliyokuwa ikitawala biashara ya dunia, Cavendish ndiyo iliyochukua nafasi. Ndizi karibu zote unazoziona kwenye maduka ya Ulaya leo ni hiyo. Habari hii nilipewa na mama mmoja mwenye beji kifuani, kwa furaha kubwa, akaniuliza, "Na huko kwenu mnazifahamu ndizi?"

Msomaji, mimi nimezaliwa kihambani. Mtori niliupata kabla ya meno. Nikamweleza kwamba kwetu kuna mshare wa kupika machalari, kuna kitarasa, kuna za kutengeneza mbege, kuna za kuiva ambazo mtoto haruhusiwi kuzigusa hadi mgeni apite, na kwamba hiyo Cavendish yake, ndefu, laini, isiyo na ladha wala msimamo, bibi yangu angewapa ng'ombe. Mama wa watu akasema jambo hilo linavutia sana. Mdogo wangu akanishika mkono akanipeleka kwenye chumba cha sanamu.

Sasa nitoe malalamiko rasmi kuhusu viti, na hapa sitataja jumba, kwa kuwa sitaki mdogo wangu anyang'anywe kadi. Tulikuwa tumeshapita vyumba vingi, kiuno kimeanza kuongea. Mbele yangu kuna kiti cha mbao kizuri, mgongo mrefu, mto wa hariri. Juu ya mto wameweka kichwa cha ua kavu la miiba. Nikadhani kimedondoka, nikainama kukiondoa, na sauti ikatoka kona ambayo ningeapa haina mtu: "Tafadhali usiguse." Ndipo nikaelezwa kwamba mwiba huo umewekwa makusudi, ndiyo njia ya heshima ya kumwambia mgeni asikae. Hawaandiki bango, wanaona ni ufidhuli. Wanaweka mwiba. Nikaanza kuangalia kila kiti, na kweli, kingine mwiba, kingine tunda la msonobari, kingine kamba kutoka mkono hadi mkono. Nyumba ina viti vya kutosha kikao cha harusi ya watu mia, na mtu mzima mwenye mvi amesimama.

Begi la mgongoni unaambiwa ulibebe kifuani, usije ukageuka ukaangusha chombo cha kauri cha Uchina. Mwanamke akija na kisigino chembamba anasimamishwa mlangoni, maana kinatoboa sakafu ambayo tayari imeshatobolewa na karne nne. Na chai? Chai ipo, lakini si ndani. Chatsworth, Hardwick, Calke, kote chai inauzwa kwenye mazizi ya farasi. Yamekarabatiwa, yana meza na skoni na jemu, nakubali. Ila mazizi ni mazizi. Ya Chatsworth yalijengwa miaka ya 1760 kwa farasi 80, na yana fahari kuliko nyumba ya mkuu wetu wa wilaya, na nadhani hilo ndilo lililoniudhi. Nilikaa hapo, kiti cha kwanza kisicho na mwiba tangu asubuhi, nikalipa chai kwa bei ambayo nikiigeuza kuwa shilingi napata kiungulia.

Kwa nini wenye nyumba wanavumilia kuingiliwa na watu kama sisi? Kodi ya mirathi. Duke wa kumi wa Devonshire alijua akifa serikali itachukua fungu kubwa, hivyo akaanza kumhamishia mwanawe mali mapema. Sheria ilimtaka aishi miaka 5 baada ya hapo. Novemba 1950, ikiwa imebaki miezi michache tu, akaanguka akichanja kuni, akafa. Kodi ikapigwa asilimia 80. Familia ikauza ardhi, ikatoa michoro, na Hardwick yenyewe, waliyoirithi kwa Bess, ikaenda kwa serikali kulipia deni, kisha ikakabidhiwa National Trust mwaka 1959. Chatsworth ikabaki, kwa nguvu za viingilio, duka la mazao ya shamba, na skoni zile. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, nilidhani walimaanisha kuku atachinjwa. Huku mwenyeji anaponea kwenye tiketi yangu.

Wapo waliobahatika kupata mgeni kweli. Bolsover, kasri lililo juu ya kilima, lina vyumba vidogo vya kupendeza vyenye kuta zilizochorwa, na ukumbi wa kufundishia farasi kucheza ngoma. Mwenyewe alikuwa William Cavendish, mjukuu wa Bess. Tarehe 30 Julai 1634 akampokea Mfalme Charles wa Kwanza na malkia wake, na Ben Jonson akaajiriwa kutunga mchezo wa kuwaburudisha. Mke wa pili wa William aliandika baadaye kwamba ugeni ule ulimgharimu mumewe kati ya pauni 14,000 na 15,000. Siku moja! Miaka 10 baadaye William yuko uhamishoni kwa kuupigania upande wa mfalme, na mwaka 1649 mfalme mwenyewe akakatwa kichwa. Nikimfikiria huyo William naanza kumwelewa mama na kabati lake.

Na mgeni wa kifalme aliyekaa Derbyshire kwa muda mrefu zaidi alikuwa Mary, malkia wa Scotland. Yule mume wa nne wa Bess alikabidhiwa amlinde kifungoni kwa amri ya Elizabeth, akakaa naye miaka 15, akimhamisha Chatsworth, Wingfield na kwingineko, na watumishi wake chungu nzima wanaokula. Posho ya kumtunza ilikuwa haitoshi na ilikuwa inachelewa. Ndoa ya Bess ilivunjikia humohumo. Kila mwenye shemeji aliyekuja kwa wiki mbili analijua hilo bila kusoma historia.

Haddon Hall sina neno nayo. Jikoni pana meza na mbao za kukatia nyama zilizolika hadi zimekuwa mabakuli, na familia iliiacha nyumba miaka kama 200 ikikaa kwingine, ndiyo maana hakuna aliyepata nafasi ya kuiharibu kwa kuiboresha. Nikagusa meza. Hakuna aliyepiga kelele.

Chesterfield tulipita kwa ajili ya kanisa, ambalo ni bure, nikafurahi. Mnara wake wa mbao uliofunikwa kwa risasi umejinyonga digrii 45 na kuinama karibu mita 3, unaonekana mji mzima. Wengine wanasema shetani aliukalia, wengine wanasema uligeuka kumtazama bibi harusi aliyekuwa bikira kweli na unangoja mwingine ili ujinyooshe. Wataalamu wanasema mbao zilikuwa mbichi, mihimili ya kukingamana haikutosha, na risasi ni nzito, tani zaidi ya 30. Mimi mtaalamu si haba, nimejenga: fundi alilipwa yote kabla hajamaliza.

Tukamalizia Calke Abbey, na humu nilipata wenzangu. Ukoo wa Harpur Crewe hawakupenda wageni, hawakupenda mabadiliko, na hawakutupa kitu. Magari yalipigwa marufuku ndani ya shamba hadi Sir Vauncey, mkuu wa ukoo, alipofariki mwaka 1924. Yeye alikusanya ndege na wanyama waliokaushwa hadi vyumba vikajaa. Umeme uliingia mwaka 1962, ambapo Moshi mjini tulikuwa tumeshauzoea. National Trust walipolichukua mwaka 1985 walikuta kwenye masanduku kitanda cha fahari cha hariri ya Uchina, inaaminika ni cha zawadi ya harusi ya mwaka 1734, ambacho hakuna aliyewahi kukiunga. Rangi zake zinang'aa kama jana, dragoni na ndege na maua, kwa kuwa hakijaona jua wala mtu. Sasa kiko nyuma ya kioo. Mama, popote ulipo, umeshinda.

Lakini kilichonikamata ni kuta. Rangi imebanduka, karatasi za ukutani zinaning'inia, dari ina ramani za maji. Nikamwuliza mlinzi wa chumba watatengeneza lini. Akaniambia hawatatengeneza. Uamuzi rasmi ni kwamba jumba lisiachwe liharibike zaidi, na wala lisirekebishwe, libaki vilevile kama lilivyokutwa, kuonyesha jinsi majumba yalivyochakaa. Watu wanatoka mbali kuja kuona rangi iliyobanduka. Wanaipiga picha.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ukuta wa mawe usio na mwiba, nikamwandikia mama watoto Moshi ujumbe mrefu wa WhatsApp kuhusu ukuta wa sebule yetu anaoulalamikia tangu masika ya mwaka juzi. Nikamweleza kuwa kuna chombo kizima cha Uingereza chenye wasomi, na kimeamua kwamba ukuta wa namna ile hauguswi. Nikamtumia na picha. Akajibu kabla sijarudisha simu mfukoni: fundi yuko juu ya ngazi tangu saa mbili, anataka hela ya ndoo ya pili.